Wiki ya Ukavu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Na kama yupo kati yenu aliyezaliwa huko, namwomba akae kimya, kama mimi nitakavyokaa kimya nikishamaliza kusema. Iliitwa Jamhuri ya Nchi Kavu. Ilikuwa na mito, ilikuwa na mabonde, na masika yake yalikuja kwa fujo kila mwaka, lakini jina lilikuwa hilo na Bunge lilikuwa limelipitisha.

Kiongozi wake, Mtukufu Baba Mkaushaji, aliwahi kwenda ng'ambo kwenye mkutano mkubwa wa hali ya hewa. Huko akapanda jukwaani, akatangaza kwamba serikali yake imeyamaliza kabisa mafuriko. Watu wakasimama wakampigia makofi, akavishwa nishani. Aliporudi nyumbani, washauri wake wakaona si adabu mafuriko kutokea tena baada ya nishani, basi yakapigwa marufuku. Neno lenyewe likafutwa kwenye kamusi za shule. Mtu akivamiwa na maji aliruhusiwa kusema amepatwa na "ongezeko la umajimaji", na aliyeng'ang'ania lile neno la zamani alishtakiwa kwa uchochezi wa maji. Mashua nazo zikachanwa kuni, kwa kuwa haikueleweka mwananchi mwema wa Nchi Kavu atakuwa na mashua ya nini.

Katika nchi hiyo, kwenye mtaa wa bondeni uitwao Mkunguni, aliishi fundi cherehani aitwaye Zamaradi. Mume wake Hemedi alikuwa mlinzi wa ghala huko mji mkuu, akirudi kwa nadra, hivyo Zamaradi aliishi na mama mkwe wake, Bi Siwatu, ajuza aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kisimani na tangu hapo hakutembea sawasawa. Wawili hao waligombana kila siku kuhusu chumvi ya mchuzi, na hakuna aliyekubali kula kabla ya mwenzake.

Asubuhi umajimaji ulipoongezeka, Zamaradi alikuwa kwenye cherehani anashona sare za Wiki ya Ukavu. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya vumbi, kifuani kimechapwa maneno NCHI KAVU, MIOYO MIKAVU. Sijui aliyeyatunga, lakini nasikia alipandishwa cheo. Akina mama wa Mkunguni walitakiwa kuvaa sare hizo siku ya kilele, kwenye Kilima cha Bendera, mbele ya Waziri wa Ukavu na Ustawi wa Vumbi. Zamaradi alikuwa amemaliza chache, nyingine bado vipande mezani, aliposikia baridi miguuni. Akatazama chini. Kandambili zake zilikuwa zinaelekea mlangoni.

"Mama!" akaita. "Maji yameingia!"

"Nimeshayaona," Bi Siwatu akajibu kutoka chumbani. "Kitanda kinacheza."

Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku nyingi huko juu milimani, na sasa mto ulikuwa umeamua kuhama. Zamaradi alimbeba mama mkwe wake mgongoni kwa khanga mbili, kama anavyobebwa mtoto. Zile sare zilizokwisha akazitia kwenye mfuko wa nailoni, akaubeba kichwani. Cherehani aliiacha, na alipovuka kizingiti hakugeuka kuitazama, maana alijijua: angeitazama angerudi.

*

Ghorofa pale Mkunguni lilikuwa moja tu, nalo ni Ofisi ya Kata. Ofisi hiyo iliwekwa jiwe la msingi, ikazinduliwa, ikazinduliwa tena, ila haikupata kuezekwa wala kutiwa milango. Ilikuwa na ngazi, nguzo, na zege la juu lenye nondo zilizochomoza kama miiba ya nungunungu. Huko juu ndiko mtaa mzima ulikokimbilia, wengine na magodoro, wengine na kuku, na mmoja na mlango wa nyumba yake, ambao hakutaka kueleza kwa nini kaubeba.

Zamaradi alimkalisha mama mkwe wake kwenye mkeka wa watu, akaketi kando yake akihema. Chini, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalipita kati ya nyumba yakipiga kelele. Bati lilikuwa linazama hapa, bati linazama pale.

"Hili si ongezeko la umajimaji," alisema Bi Siwatu kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Haya ni mafuriko."

Watu wakainamisha vichwa. Kwenye kona, mjumbe wa mtaa, Bwana Chambuso, akakohoa. Alikuwa mwanamume mnene mwenye hofu nyingi, na kazi yake ilikuwa kuripoti wachochezi. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mkandani, na redio yake ndogo ameifunga kichwani kwa shati.

"Bi Siwatu, tafadhali," akasema. "Hapa juu bado ni ndani ya mtaa wangu."

"Basi niripoti. Nenda kwa miguu."

Chambuso akatazama ngazi. Zilizokuwa zinaonekana hazikuzidi tano.

Aliyekuwa anamtia Zamaradi wasiwasi zaidi ni Nyamizi, binti muuza mboga, ambaye tumbo la mimba yake ya kwanza lilikuwa limeshashuka. Alikuwa ameegemea nguzo, anauma ncha ya mtandio wake, na kila baada ya muda alifumba macho akaacha kupumua.

"Uchungu umeanza?" Zamaradi akamnong'oneza.

"Sijui, dada. Unakuja, unaondoka. Mimi sijawahi kuzaa, nitajuaje?"

Zamaradi akatoa simu yake, iliyokuwa imebakiwa na chaji ya kuombea, akapiga namba ya dharura ya taifa. Wimbo ukalia mpaka ukamaliza beti, kisha akapokea dada mmoja mwenye sauti tamu sana.

"Idara ya Maafa Yanayoruhusiwa, nikusaidie nini?"

"Dada yangu, tuko Mkunguni. Maji."

"Hayatoki?"

"Yametoka! Yamezidi! Yamefunika nyumba, na hapa tuna mja mzito anaumwa uchungu."

Dada yule akasita. "Mama, hapa napokea malalamiko ya maji kukosekana. Ya kuzidi sijawahi kupokea. Hongereni sana." Kisha akashusha sauti, na utamu ukamtoka. "Mimi kwetu ni Bondeni, mama. Nami nawapigia watu wetu tangu jana hawapatikani. Kaeni juu, mkae juu kabisa." Simu ikakatika.

Hapo hapo ikaita. Alikuwa Hemedi, kutoka mji mkuu, mchangamfu.

"Nasikia redioni mmepata umajimaji kidogo. Wanasema mmepanda juu kufurahia mandhari! Mama hajambo?"

Zamaradi alifungua mdomo ajibu, na chaji ikaisha. Akabaki ameishika simu sikioni. Kilichomuuma hakikuwa maji wakati ule. Kilichomuuma ni kwamba mumewe, kule aliko, alikuwa na amani.

*

Walilala hapo, wakaamka hapo. Maji yalikuwa yamemeza ngazi zote, na sasa yalilamba kingo za zege. Nyamizi hakuwa akijiuliza tena kama uchungu umeanza. Ndipo wakasikia muungurumo, na kutoka upande wa soko kikatokea chombo.

Kwa macho ya kawaida ilikuwa mashua. Lakini mashua hazikuwepo kisheria, kwa hiyo chombo kile kilisajiliwa kama gari. Kilikuwa na kibao cha namba mbele na nyuma, magurudumu manne yamefungwa ubavuni kwa kamba, na taa za kuonyeshea kona. Dereva alivaa sare ya udereva. Kando yake alisimama askari wa usalama barabarani mwenye glavu nyeupe. Katikati, chini ya mwavuli, alikaa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Pontiani Ngwembe, amevaa buti safi ambazo ni wazi hazijawahi kukanyaga mtaa ule uliokuwa chini ya maji.

Gari liliegeshwa kando ya zege. Askari akapiga filimbi, dereva akavuta breki, ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu.

"Wananchi wa Mkunguni," alianza Mheshimiwa, akiinuka kwa tahadhari. "Nimekuja kuwapongeza. Wenzenu katika mataifa mengine, wakipata umajimaji kama huu, hulia na kuomba. Ninyi mmepanda. Kupanda ni maendeleo! Baba Mkaushaji amesema siku zote kwamba taifa ni lazima lipande, na leo nimeliona kwa macho yangu limepanda. Mjumbe, hali ikoje?"

Chambuso akasimama wima, maji yakimchuruzika. "Shwari, Mheshimiwa."

Nyamizi akapiga ukelele uliowarusha kuku.

"Huyo vipi?"

"Anashangilia, Mheshimiwa," alisema Chambuso, na akatamani ardhi immeze, kama ingepatikana.

"Anajifungua!" Zamaradi akasema. Alikuwa ameshafika ukingoni. "Shikamoo, Mheshimiwa. Nakuomba umchukue huyu binti umpeleke kilimani. Na huyu mama yangu hawezi kutembea, na wazee wengine hawa. Maji yanapanda. Ukifanya safari mbili tatu umetumaliza wote."

Mheshimiwa akamtazama kwa huruma ya kweli, hilo sitamnyima. "Mwanangu, ningependa. Lakini nikiwachukua nitakuwa nimewaokoa. Na nikiwaokoa, nitaulizwa nimewaokoa na nini. Unaona ugumu wangu?" Akafuta jasho. "Hata hapa nimepita tu. Nilikuwa nawatafuta akina mama wa kikundi cha Mkunguni, wanaotakiwa kilimani saa hii. Waziri ameshafika, viti vya kikundi vitupu, na televisheni ipo. Sijui nitauweka wapi uso wangu."

Zamaradi akageuka, akafungua mfuko wa nailoni, akakunjua sare moja mbele ya kifua chake. NCHI KAVU, MIOYO MIKAVU.

"Kikundi ndicho sisi," akasema.

Uso wa Mheshimiwa ukachanua. "Kumbe! Mbona hamkusema? Washiriki wa sherehe, ingieni kwenye gari!"

*

Sare zilizokwisha zilikuwa saba. Zamaradi alizigawa upesi. Ya kwanza alimvisha Nyamizi, ikambana tumboni kiasi cha neno KAVU kutanuka. Mbili zikaenda kwa wanawake wenye watoto wachanga, na mbili kwa vikongwe. Moja alikuwa ameishika bado, akigeuka kumtafuta mama mkwe wake, ikachomolewa mkononi. Alipoangalia, Bwana Chambuso alikuwa ameshaivaa na kujifunga kilemba.

"Vua, mjumbe!"

"Lazima niwepo," akanong'ona, macho yamemtoka. "Nani ataripoti?"

Ikabaki moja. Zamaradi akapiga magoti mbele ya Bi Siwatu. "Mama, vaa."

Bi Siwatu akaitazama ile sare mbele, akaigeuza akaitazama nyuma. "Mshono wako mzuri," akasema. "Lakini sivai. Nimelowa mpaka kwenye mifupa, halafu nivae kitambaa kinachosema sijalowa? Nitakufa kwa aibu kabla ya maji."

"Mama, huu si wakati wa—"

"Nisikilize wewe. Yule binti hana mama. Umemwona anavyokushika? Vaa, uende naye. Likirudi gari nitapanda kama nilivyo, na khanga yangu."

"Na lisiporudi?"

Mheshimiwa alikuwa amesikia. Akaweka mkono kifuani. "Naapa kwa cheo changu. Hotuba ikiisha tu, gari linarudi."

Zamaradi alivaa. Alipokuwa anaingia kwenye gari alisikia kitu kikimvuta kwa nyuma, kama vile zile khanga mbili bado zimefungwa mgongoni na bado zina mtu ndani. Akageuka. Bi Siwatu alikuwa ameshamgeuzia kisogo na anamfokea mwenye kuku.

Safari ilikuwa ya heshima. Walipofika mahali palipokuwa na njia panda, chini kabisa huko, askari alisimamisha gari na kunyoosha mkono mweupe. Kabati la nguo likapita mbele yao likielea, milango wazi. Askari akaliacha lipite, kisha akaruhusu gari. Nyamizi alikuwa ameuma bega la Zamaradi. Dereva akawaomba abiria wafunge mikanda, ambayo haikuwepo.

*

Kilima cha Bendera kilipambwa. Kulikuwa na mahema, bendi ya matarumbeta, na ili watu wasisahau dhamira ya siku, vijana wa uhamasishaji walikuwa wamebeba vumbi kwa magunia kutoka mikoa ya mbali na kulimwaga mbele ya jukwaa. Mvua ilikuwa imeshaligeuza tope. Wakimbizi kutoka mitaa yote ya bondeni, nisamehewe, washiriki kutoka mitaa yote, walikuwa wameketi kwenye viti kwa safu, wamelowa, na kila Waziri alipotua kuvuta pumzi waliamriwa kupiga makofi. Kutoka kwenye kiti hakukuruhusiwa mpaka sherehe ifungwe.

Nyuma ya hema la wageni walikuta muuguzi mmoja, aliyeletwa kwa ajili ya watakaozimia kwa joto. Alimtazama Nyamizi mara moja tu, akatupa chini chandarua, akasema, "Mlaze hapa." Zamaradi akamshika Nyamizi kichwa. Upande wa pili wa turubai Waziri alikuwa anaeleza jinsi ukavu unavyojenga tabia. Makofi yalipolipuka, Nyamizi alisukuma, na yalipotulia ikasikika sauti mpya kabisa, kali, isiyo na adabu.

"Nani huyo anayezomea?" Waziri akauliza kwenye kipaza sauti.

"Ni mtoto, Mheshimiwa, amezaliwa sasa hivi," akajibiwa.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Aitwe Kaukia!" Waziri akatangaza, na matarumbeta yakapigwa.

Nyamizi alikuwa amelala macho juu, kijitoto kifuani, jasho na machozi vimechanganyika. "Anasema nini yule?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Zamaradi. "Pumzika." Alimfuta uso, akamkabidhi kwa muuguzi, akatoka mbio kwenda mahali gari lilipoegeshwa.

Dereva alikuwa amekaa kwenye usukani anakula muhindi. Naye akamwelekeza kwa Afisa Itifaki, kijana mwembamba mwenye suti nyeusi na miwani iliyojaa ukungu.

"Gari litaondoka, mama," alisema Afisa Itifaki kwa upole. "Kimebaki kitu kimoja. Waziri ameletewa maneno kwamba kuna wachochezi wanaosema Mkunguni kuna lile neno. Sasa wewe ni mkazi wa huko. Panda jukwaani, sema maneno mawili redioni, kwamba hali ni shwari. Ukishuka tu, gari linawashwa."

"Nikikataa?"

"Nani anakulazimisha? Utarudi kwenye kiti chako, tuendelee na ratiba. Kuna ngonjera, kuna mashairi, kuna salamu za mikoa."

Zamaradi alitazama chini bondeni. Kutoka pale juu Ofisi ya Kata ilionekana kama kipande cha sabuni kwenye beseni. Alijaribu kuona watu, asiweze. Alijiambia: ni maneno tu. Maneno hayajawahi kumzamisha mtu.

Akapanda. Kipaza sauti kilikuwa kirefu kuliko yeye, wakakiinamisha.

"Mimi natoka Mkunguni," alisema. "Huko hakuna... hakuna shida. Pakavu. Watu wako salama, wamekaa juu wanapunga upepo."

Makofi yalitetemesha mahema. Waziri akamkumbatia, akimpaka tope. Zamaradi aliruka ngazi za jukwaa mbili mbili na kukimbia mpaka kwenye gari. Dereva alikuwa anafungua injini na kuifunika kwa turubai.

"Unafanya nini? Tuondoke!"

"Safari imefutwa," alisema dereva bila kumtazama.

Afisa Itifaki alikuwa ameshafika nyuma yake. "Ni kwa sababu ya ushuhuda wako, mama. Mheshimiwa Waziri ameguswa sana. Amesema, kama mwananchi mwenyewe amethibitisha kuwa ni pakavu, kupeleka gari la aina hii itakuwa ni kumdharau."

"Lakini mliniambia niseme! Yuko mama mle! Mkuu wa Wilaya ameapa!"

"Mkuu wa Wilaya amehamishwa ulipokuwa jukwaani. Kiapo kimekwenda na cheo."

"Nilidanganya," akasema Zamaradi. "Sikiliza, kaka yangu. Nilidanganya. Kumejaa maji, watazama."

Afisa Itifaki akavua miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha. "Kudanganya kwenye redio ya taifa ni kosa, mama. Mimi sijasikia ulichosema sasa hivi. Nakupenda tu kama dada yangu."

"Basi nifanyeje?"

"Kama una haraka ya nyumbani, nenda. Nani amekuzuia?" Akanyoosha mkono kuelekea bondeni, pale lami ilipoteremka na kuingia majini bila hata kona. "Barabara iko wazi."

*

Zamaradi alisimama pale mwisho wa lami. Alihisi amefungiwa ndani ya chumba ambacho kila ukuta wake ameujenga mwenyewe kwa mdomo wake. Nyuma, viti. Mbele, maji. Akakunja pindo la sare.

Barabara ilizama upesi, lakini kando yake tuta la reli ya kwenda Mkunguni lilikuwa juu kidogo. Alilifuata hilo. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Alikuwa akitafuta reli kwa kidole gumba cha mguu, akiipata anasogea, akiikosa anasimama. Kilimani mshereheshaji alimwona, na kwa kuwa hakuna kitu kilichoruhusiwa kuonekana nje ya ratiba, akamwingiza.

"Na sasa, ndugu wananchi, mama shupavu kutoka Mkunguni anatuonyesha kwa vitendo jinsi mtu anavyorudi kwake kwa miguu! Makofi!"

Wakapiga makofi. Lakini yalikuwa makofi ya ajabu, yalianza kwa nguvu na kufifia, maana watu kwenye viti walikuwa wanaona mtu akizama kwa utaratibu. Mpaka maji yanafika kifuani mwa Zamaradi hakuna aliyekuwa akipiga tena, na bendi ikabaki inapuliza peke yake.

Alikuwa anaogopa sana. Hakujua kuogelea. Mti mzima, pamoja na mizizi yake, ulimpitia karibu, akajikunyata, na alipotaka kuendelea reli ilikuwa imepotea. Akapapasa kulia, hakuna. Akapapasa kushoto, mguu ukaingia pasipo na kitu, akameza maji. Akarudi hatua moja akasimama, na kwa mara ya kwanza akawaza: nirudi. Nitasema nilijaribu. Nani atanilaumu?

Hapo akasikia mtu anatweta nyuma yake. Akageuza shingo. Bwana Chambuso alikuwa anakuja, kilemba kichwani, sare ya akina mama inaelea kumzunguka kama jani la yungiyungi. Alikuwa anasukuma mapipa mawili ya plastiki, yale ya maji ya kunywa ya wageni, yamefungwa pamoja kwa kamba ya vibendera.

"Simama hapo!" alipiga kelele, meno yakigongana. "Nimekuja kukukamata! Kwa kuingia majini!"

Zamaradi alimtazama. Mdomo wa yule mtu ulikuwa unatetemeka kwa woga, na macho yake yalikuwa yanamsihi asicheke.

"Sawa, mjumbe," akasema. "Shika upande huo, unikamate vizuri."

Wakashika, huyu huku, huyu kule. Mapipa yakawabeba pale reli ilipopotea. Kilimani kulikuwa na zogo: watu wengine walikuwa wameinuka kwenye viti, wanamwaga mapipa, wanabomoa nguzo za mahema, na mshereheshaji alikuwa anatangaza kwa haraka kwamba matembezi ya hiari yameanza.

Walipofika kwenye Ofisi ya Kata, watu walikuwa wamesimama juu ya zege na maji yamewafika vifundoni. Bi Siwatu peke yake alikuwa ameketi, juu ya ule mlango ambao mwenyewe alikuwa hajaeleza kwa nini kaubeba, na ambao sasa hakuna aliyemuuliza. Zamaradi akajivuta juu kwa nondo, akaanguka mbele yake kwa magoti, hana pumzi.

Bi Siwatu akamsogezea nafasi kwenye mlango.

"Nilikusikia," akasema. "Mwenye kuku ana redio kwenye simu yake."

Zamaradi akayafunika kwa kiganja yale maneno ya kifuani mwake.

"Uliposema 'salama', sauti ilikatika. Wenzangu hawakusikia. Mimi nilisikia, nikasema, huyu anakuja. Kisha ukachelewa, nikasema haji."

"Na mimi nilisema hivyo, mama. Pale kwenye reli."

Bi Siwatu akanyoosha mkono wenye mishipa, akamtoa jani la mti lililonasa shingoni. "Binti?"

"Amejifungua salama. Wa kike."

"Alhamdulillahi."

Wakamlaza Bi Siwatu juu ya mapipa kwa tumbo, khanga yake imefungwa kwa kamba ya vibendera, Chambuso mbele na Zamaradi nyuma. Wengine walikuwa wanakuja sasa, kwa mapipa na maturubai, wanapishana nao kwenye tuta la reli wakiitana majina ya mitaa. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyembamba. Kutoka kilimani vipaza sauti vilikuwa bado vinanguruma.

Bi Siwatu akainua kichwa. "Huko tunakokwenda kuna nini?"

"Kuna hotuba, mama," alisema Zamaradi.

Ajuza akarudisha shavu lake juu ya plastiki, akafumba macho.

"Basi sukumeni polepole," akasema.